Video yake ilisambaa, notisi ya kuhama ikamfikia yeye

BARUA

Shikamooni wahariri,

Nina miaka 24. Kwa miaka miwili nimekuwa mhamasishaji wa kikundi cha wapangaji katika majengo matatu ya mwenye nyumba mmoja. Bomba la majitaka linavuja ndani ya kuta, na kati ya nyumba 36 tulizozipitia, 22 zina ukungu. Nimezisoma hesabu hizo mkutanoni mara nne na kila mara watu walikuwa wakitazama simu zao. Siku mama mmoja aliposimama akaeleza kwamba analala amekaa, mtoto kifuani, kwa sababu mtoto akilazwa karibu na ukuta kikohozi kinamkaba, ukumbi wote ulinyamaza. Hapo nikajua kazi ninayoitaka.

Nilimfuata kwake, nikamrekodi kwa simu dakika sita. Uso sikuuonyesha. Usiku uleule niliiweka mtandaoni, ikasambaa kuliko chochote tulichowahi kufanya. Nusu ya maoni yalimhurumia, nusu yaliuliza kwa nini hahami na baba wa mtoto yuko wapi. Siku ya tisa akaletewa notisi ya kuhama: mwenye nyumba alimjua kwa sauti na kwa pazia. Ukuta bado umelowa. Mama hapokei simu zangu, na wapangaji wengine wakiniona nimeshika simu wanabadilisha mazungumzo.

Bado naitaka kazi hii ya kusimulia kwa ajili ya haki. Nirekebishe vipi? Ni lazima nikaisomee? Ninunue vifaa gani? Mtu anaishi vipi kwa kazi ya namna hii? Na nikiifuata, nitakuwa nimewatupa wapangaji?

Ni mimi,
Mwenye Simu

JIBU

Marahaba, mdogo wetu.

Tuanze na notisi, kwa kuwa yenyewe ina tarehe ya mwisho na maswali yako mengine hayana.

Nenda kwake bila simu. Kama hataki kukuona, mtume mtu wa kikundini anayemwamini. Omba radhi kwa kosa lenyewe, kwa jina lake: "Niliitoa kabla hujaiona." Usianze kueleza nia yako njema, maana mtu aliyeshika notisi mkononi hana pa kuiweka nia yako. Muulize mambo mawili tu. Anataka video iondolewe? Na anataka kikundi kiibebe notisi hii kama jambo la wote, au abaki nayo yeye na mwanasheria? Akisema aachwe, aachwe.

Akitaka iondolewe, kuna kazi ya nusu saa kabla hujabonyeza kufuta. Piga picha za skrini za maoni yote yenye vitisho, tarehe na jina la akaunti vikionekana. Faili asili lihifadhi kama lilivyo, bila kulikata wala kulipitisha kwenye programu ya kutuma ujumbe, kwa sababu faili asili hubeba siku na saa ya kurekodiwa, na likishatumwa kwa njia hizo taarifa hizo mara nyingi hupotea. Kisha andika kwenye karatasi moja tarehe tatu: siku mliyopeleka lalamiko la kwanza la maandishi, siku ya video, siku ya notisi. Zipo nchi zinazokataza kumfukuza mpangaji kwa sababu amelalamika, na zipo ambazo sheria yake ni nyembamba kuliko hapo. Popote ulipo, wakili wa kituo cha msaada wa kisheria ataanza kwa kuuliza tarehe hizo tatu. Mpeleke mapema. Watu wengi huenda wakati muda wa kuijibu notisi umebaki siku moja au umeshakwisha.

Waliokwisha kuisambaza huna uwezo nao. Wale unaowajua waandikie sentensi moja kuwaomba waifute, bila sababu. Ukiwapa sababu umewapa habari mpya ya kusambaza.

Sasa tuseme kilichoharibika. Umetaja sauti na pazia, na ni kweli, lakini kuna jambo lililotangulia hayo, nalo limo kwenye maoni uliyotusimulia. Wale waliouliza "kwa nini hahami" si wote wenye roho mbaya. Shanto Iyengar, mtafiti wa mawasiliano ya siasa nchini Marekani, alichapisha mwaka 1991 matokeo ya majaribio yake juu ya habari za televisheni: watazamaji walioonyeshwa umaskini kupitia mkasa wa mtu mmoja walielekea kumtwisha lawama maskini mwenyewe, na walioonyeshwa umaskini kama hali ya jamii yenye vyanzo vyake walielekea zaidi kuitazama jamii na serikali. Rudi kwenye video yako na swali hilo kichwani. Dakika sita: mama, mtoto, ukuta. Bomba halimo. Mwenye nyumba hayumo. Nyumba nyingine 21 hazimo. Mtazamaji anayetafuta wa kuwajibika anakuta mtu mmoja tu ndani ya picha, anamwajibisha huyohuyo.

Kwa hiyo usidhani kwamba hesabu zilishindwa na hadithi ikashinda. Hesabu zako peke yake zilishindwa mkutanoni, na hadithi yake peke yake ilishindwa mtandaoni. Ilipata watazamaji, ikakosa bomba. Kipimo tunachokupa kwa kipande cha dakika tatu ni hiki: mtu mmoja, chanzo kimoja, idadi moja, dai moja lenye mtu wa kulijibu. Idadi zikiwa mbili, ya pili inaifuta ya kwanza. Madai yakiwa matatu, mwenye nyumba atajibu lile jepesi, apake rangi ngazini.

Tazama jinsi maneno ya barua yako yanavyoweza kukaa:

"Saa nane usiku nimekaa. Mgongo uko mlangoni, mtoto yuko kifuani. Kitanda tunacho, lakini kimegusa ukuta, na ukuta unatoa maji. Fundi alikuja mara moja, akagonga, akasema bomba la majitaka limepasuka ndani, akaenda zake. Nikadhani ni kwangu tu. Jirani wa juu akaniambia naye ameuhamisha mto wake sebuleni. Tukapita mlango kwa mlango. Nyumba 36, na 22 zina ukungu. Tumemwandikia mwenye nyumba. Tunataka bomba libadilishwe, na tarehe ya kuanza kazi tupewe kwa maandishi."

Ni kama maneno 70, chini ya dakika moja ukisoma kwa utulivu. (Fundi na jirani wa juu tumewatunga sisi kwa ajili ya mfano. Kama hawakuwepo, watoe. Sentensi ikipendeza kwa jambo ambalo halikutokea, siku ikigundulika wataitilia shaka na ile hesabu yenu ya kweli.) Angalia inapogeuka: "Nikadhani ni kwangu tu." Hadi hapo ni yeye; baada ya hapo ni wao. Kugeuka huko ndiko kunakomtoa mtazamaji kwenye huruma. Marshall Ganz, aliyefanya kazi miaka 16 na kiongozi Cesar Chavez katika chama cha wafanyakazi wa mashambani wa California kabla hajawa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard, hufundisha umbo hilohilo kwa hatua tatu: hadithi yangu, hadithi yetu, hadithi ya sasa. Wanaoanza hukwama kwenye ya kwanza kwa sababu ndiyo yenye machozi. Ya pili huwashinda kwa sababu inataka kazi ya miguu, ile ya mlango kwa mlango ambayo wewe umeshaifanya.

Na tafadhali, muziki wa huzuni usiutie. Sauti ya maji yanayodondoka kwenye ndoo inatosha.

Tuje kwenye ridhaa. Pengine ulimuuliza, akasema sawa. Lakini alisema sawa siku ambayo ukumbi mzima ulikuwa umetoka kumsikiliza, mbele ya kijana wa kikundi kinachompigania, akiwa na matumaini kwamba video italeta fundi. Ridhaa ya namna hiyo ni ya heshima tu. Hurekebishwa kwa kuiomba mara tatu. Mara ya kwanza ni kabla ya kurekodi, mkiwa wawili, angalau siku moja baada ya kumweleza, ili awe na usiku wa kulifikiria. Mara ya pili ni baada ya kuhariri: akae nawe, aisikie yote, na awe na haki ya kusema "hapo toa" bila kueleza kwa nini. Mara ya tatu ni kila matumizi yanapobadilika. Aliyekubali ichezwe mkutanoni hajakubali iende mtandaoni, na aliyekubali mtandaoni hajakubali mfadhili aiweke kwenye ripoti yake.

Karatasi ya ridhaa isizidi nusu ukurasa, na iwe katika lugha anayoiota. Iseme: itachezwa wapi na wapi, jina, uso, sauti na mahali, kila kimoja na kisanduku chake cha ndiyo au hapana, nani anatunza rekodi nzima, itatumika mpaka lini, akitaka kujitoa amtafute nani, na kwamba ikishatoka mtandaoni kuna nakala ambazo hamtaweza kuzirudisha. Mstari huo wa mwisho watu huuacha kwa kuogopa kukataliwa. Ongeza na huu, useme kwa mdomo: "Sikuahidi kwamba hii italeta bomba." Asiyesoma asomewe, ridhaa yake irekodiwe kwa sauti. Mtoto ana mlezi wa kuulizwa, na mtoto mwenyewe naye anaulizwa. Mlezi akisema ndiyo na mtoto akajificha nyuma ya mlango, jibu ni hapana.

Kumficha mtu ni kazi pana kuliko kuukwepa uso. Kabla ya kurekodi simama mlangoni, ujiulize jirani mwenye chuki angemtambua kwa nini: pazia, kalenda ukutani, sare ya mtoto, mtazamo wa dirishani, pete, kovu la mkononi, jina analoitwa na mtoto anayelia kwa nyuma. Zima taarifa za mahali kwenye kamera ya simu, maana picha inaweza kubeba ndani yake alama za mahali hasa ulipoipigia. Sauti iliyogeuzwa kuwa nzito kwa programu huwadanganya wageni, haimdanganyi anayemjua, kwa sababu mwendo wa kusema na maneno ya mazoea hubaki. Tena kugeuza kwa namna hiyo mara nyingi kunaweza kurudishwa nyuma. Lililo salama zaidi ni mtu mwingine ayasome maneno yake, na mwanzoni isemwe wazi kwamba sauti si ya mwenyewe. Hata hivyo, katika majengo matatu mkasa wenyewe ni kitambulisho. Mama anayelala amekaa na mtoto anayekohoa ni mmoja, na mwenye nyumba anamjua. Hapo ficho pekee linalofaa ni wingi: watu sita waseme siku moja, au asiseme yeyote hadharani.

Usiwachanganye watu watatu ukawafanya mmoja bila kusema. Ukichanganya, tangaza.

Vifaa? Kwanza usinunue kamera. Watazamaji husamehe picha yenye kiza; sauti yenye mwangwi huizima ndani ya sekunde kadhaa. Simu uliyonayo inatosha. Cha kwanza kununua ni maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, inayoingia kwenye simu kwa waya. Cha pili ni vipokea sauti vinavyofunika masikio. Kigoda cha kusimamishia simu kinafuata mbali nyuma. Taa, subiri mpaka mtu akuombe kazi inayoihitaji.

Namna ya kurekodi. Weka simu katika hali ya ndege, la sivyo simu ya shangazi itaingia kwenye sentensi moja uliyoihitaji. Chagua chumba chenye nguo, godoro au mapazia mazito. Jiko la vigae huirudisha sauti. Friji izime, na funguo zako za nyumbani ziweke ndani ya friji hiyo ili usiweze kuondoka bila kukumbuka kuiwasha. Maiki ya nguo ikae shubiri moja chini ya kidevu, mbali na mkufu na kola ngumu. Rekodi dakika moja ya majaribio, uisikilize kwa vipokea sauti, si kwa kutazama mishale ikicheza kwenye skrini. Mkimaliza, kaeni kimya sekunde 30 huku rekodi inaendelea. Ukimya wa chumba kile ndio utakaozibia viungo vya kukatia. Bila huo, kila ulipokata patasikika.

Kuuliza ndiko kwenye utajiri, na ndiko vijana wanakopita mbio. "Unajisikiaje?" huzaa "vibaya sana", na hapo mazungumzo yamekwisha. Uliza mambo yenye saa na mahali: Mara ya kwanza kuuona ukuta umelowa ulikuwa unafanya nini? Uligusa? Ukamwambia nani wa kwanza? Akajibuje, kwa maneno yake? Usiku wa jana mlilala vipi, nani upande gani? Mwombe aliingize swali lako ndani ya jibu, kwa kuwa sauti yako itakatwa. Usiitikie kwa "mmh", tikisa kichwa. Akinyamaza, hesabu moyoni mpaka saba kabla hujasema chochote. Mara nyingi jambo lenyewe huja kwenye tano au sita. Dakika 40 zinatosha. Ukipita saa moja amechoka na wewe umeacha kusikia.

Akianza kulia, ondoa mkono kwenye simu, muulize kama anataka kuendelea, kupumzika au kuacha, na subiri. Machozi si ushahidi. Kipande kinachotembea hadi kwa mwenye uamuzi mara nyingi ni kile ambamo msimulizi ana hasira iliyotulia na anajua anachodai. Panga mapema nani atamjulia hali kesho yake, asiwe wewe peke yako.

Nyumbani, usichape kila neno. Saa moja ya sauti hukula saa nne za kuchapa kwa asiye na mazoea. Sikiliza mara moja ukiandika dakika na jambo: 07:40 fundi, 12:15 jirani wa juu, 31:05 "sikuwahi kupigiwa simu". Faili zipe majina kwa tarehe na namba ya siri, si jina la mtu, na orodha ya namba na majina itunzwe kwingine. Nakala ziwe tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae nje ya nyumba unayolala. Mtandaoni weka maandishi ya chini ya picha, kwani wengi hutazama simu ikiwa kimya. Dakika tatu kwa sauti tulivu ni kama maneno 300. Ukijikuta na 600, hujachagua bado.

Unachopaswa kubadilisha zaidi ni mpangilio wa nani anaona kwanza. Wewe ulimpa dunia kwanza. Mwaka 1967, kwenye kisiwa cha Fogo katika Newfoundland, Kanada, serikali ilikuwa ikifikiria kuwahamisha wavuvi. Mtengenezaji filamu Colin Low wa Bodi ya Taifa ya Filamu alirekodi zaidi ya filamu fupi 20 za watu wa vijiji vya kisiwa kile wakieleza mambo yao. Filamu hizo zilichezwa kwa wenyeji kabla ya kwenda popote, na wenyeji walikuwa na kauli juu ya kinachotoka na kinachobaki. Vijiji vilivyokuwa havisemezani vikajikuta vina malalamiko yaleyale. Kisha zikaonyeshwa kwa maofisa wa serikali, na majibu ya maofisa nayo yakarekodiwa, yakarudishwa kisiwani. Wavuvi wakaunda ushirika, kisiwa hakikuhamwa. Tusiseme filamu ndizo zilizofanya yote hayo. Watu walikuwa wameanza kujipanga. Lakini shika mpangilio: msimulizi, halafu majirani, halafu mwenye uamuzi, na umma mwisho kabisa au usiwepo. Katika jambo lako, mtu anayeweza kubadilisha bomba ni mmoja. Watazamaji 50,000 wasiomjua hawana ufunguo wa jengo. Kipande hicho kingechezwa mbele ya wapangaji 36, kisha mbele ya mwenye nyumba na mkaguzi wa majengo, wapangaji wakiwa nyuma yenu wamejaa chumbani, kingekuwa na kazi nyingine.

Kwa sasa wapangaji wanaiogopa simu yako, na wana haki. Basi miezi michache iache. Fanya duru za masimulizi: watu wanne au watano kwa duru, kila mmoja dakika tatu bila kukatizwa, kila mmoja amekuja na kitu kimoja kutoka kwenye nyumba yake yenye ukungu, shati, daftari la mtoto lililoota madoa, risiti ya dawa. Hakuna anayerekodi. Mwisho wa duru swali ni moja: nini kimejirudia? Majibu yaandikwe na mpangaji, si wewe. Saa mbili zinatosha kwa duru tatu zikienda pamoja. Usimwite tena yule mama aeleze mkasa wake kila mkutano. Kikundi chenye msimulizi mmoja kimeshamtengenezea notisi.

Kuna na njia ya Augusto Boal wa Brazil, mtu wa jukwaa aliyekamatwa na kuteswa na utawala wa kijeshi mwaka 1971 na kuendeleza kazi yake uhamishoni. Wapangaji wanaigiza mchezo wa dakika tano hadi saba: mpangaji anakwenda kudai bomba, anashindwa. Mchezo unarudiwa tangu mwanzo, na safari hii yeyote aliyekaa anaweza kupaza "Simama!", akachukua nafasi ya mpangaji na kujaribu neno lingine, kitendo kingine. Anayeigiza mwenye nyumba hakubali kirahisi. Anabuni visingizio kama mwenyewe. Msimamizi hatoi majibu, anauliza tu ukumbi: je, hii ingewezekana kweli? Huharibika pale mtu anapobadilisha nafasi ya mwenye nyumba akamfanya mwema. Hapo tatizo limeyeyuka kwa muujiza, na hakuna aliyejifunza la kusema Jumatatu. Jitahidi wote wabadilishe nafasi ya anayeonewa au ya jirani aliyekaa kimya. Hakuna faili, hakuna pazia, na watu huondoka wakiwa wameshafanya mazoezi ya mkutano halisi.

Shule: si lazima. Cheti cha uandishi wa habari au maendeleo ya jamii husaidia mahali ambapo mlango haufunguki bila karatasi, lakini wanaoajiri watu wa simulizi huuliza wasikie ulichotengeneza. Tumia mwaka mmoja kutengeneza vitu vitatu: kipande kimoja cha sauti cha dakika tatu, mradi mmoja wa picha ambao wapangaji wamepiga wenyewe na kuandika maelezo, na mchezo mmoja wa kusimamishwa ulioufanya walau mara tatu. Kwa kila kimoja ongeza ukurasa mmoja: dai lilikuwa nini, nani aliona kwa mpangilio gani, ridhaa ilichukuliwaje, nini kilibadilika, nini hakikubadilika. Ukurasa huo wachache wanao, na anayeijua kazi atausoma kabla ya kubonyeza kucheza. Video iliyosambaa usiitangulize. Ukiulizwa juu yake, eleza ulichokosea na ulichobadilisha tangu hapo.

Kula kwa kazi hii mara nyingi ni kuunganisha vipande: kuendesha warsha, kuhariri sauti kwa redio za jamii, kushika dawati la mawasiliano la chama cha wafanyakazi au shirika la haki, kufundisha. Miaka miwili mitatu ya kwanza wengi hubaki na kazi nyingine pembeni, na hakuna aibu. Usikimbilie kusajili shirika lako. Utageuka mwandishi wa ripoti kabla hujawa msikilizaji. Mkataba wowote utakaotia saini utazame sehemu mbili. Ya kwanza: rekodi nzima ni ya nani? Ikisema ni ya mfadhili, ridhaa uliyowaomba watu haina mlinzi. Ya pili: msimulizi akijitoa, mfadhili atafuta kwa siku ngapi? Na ukiombwa "hadithi ya mnufaika", jibu kwamba una wapangaji wenye dai. Atakayeondoka baada ya jibu hilo angekusumbua baadaye. Wasimulizi nao walipwe nauli na muda wao, kiasi kilekile kwa kila mtu, kisemwe kabla ya kurekodi na kisitegemee walichosema. Malipo yanayopanda na machozi hununua machozi.

Umeuliza kama utakuwa umewatupa wapangaji. Utawatupa ukiwa unakuja siku za kurekodi tu. Kaa kwenye kamati, beba viti, endelea kupita mlango kwa mlango hata miezi ambayo hakuna cha kurekodi. Ile hesabu ya 22 kati ya 36 haikupatikana kwa maiki.

Hukuuliza kuhusu jina lako, lakini utaulizwa. Likae mwisho, chini ya "sauti imerekodiwa na", baada ya jina la msimulizi au jina alilojichagulia. Kama yeye amejificha kwa kuogopa na wewe unafahamika kuwa mtu wa majengo yale, jina lako ndilo litakaloonyesha mlango wake. Hapo andika jina la kikundi, basi.